UZI: Ontario 1995, usiku jimbo zima lilipohamia kwa wahafidhina. Nilikuwepo, nawasimulia

BintiPangani:

Wakuu salaam. Juzi kuna kijana aliuliza, hivi serikali ya kihafidhina inayoamini soko huria ikiingia madarakani mtu wa kawaida anaonaje tofauti? Akajibiwa nadharia tupu, hakuna aliyemwambia mwezi wa kwanza unakuaje na mwaka wa tano unakuaje. Mimi nimeishi hicho kitu. Nipo Toronto, Kanada, tangu 1991, na uchaguzi wa jimbo la Ontario wa tarehe 8 Juni 1995 ulinikuta nina mtoto wa miaka miwili, sina kazi, naishi kwa welfea, yaani posho ya serikali kwa wasio na kipato, kule Etobicoke karibu na Dixon Road, ambako ukishuka kwenye lifti unasikia Kisomali na Kiswahili cha Kisimayu na cha Mombasa kabla hujasikia Kiingereza. Sikuwa raia, kura sikupiga. Ila kila kilichoandikwa kwenye ilani ya chama kilichoshinda kilinifikia mpaka mlangoni, kwahiyo naomba mnivumilie, nitaandika kwa vipande.

Kwanza mjue kwamba Kanada mambo mengi yanayomgusa mtu yako chini ya jimbo. Hospitali, shule, welfea, sheria za kazi, sheria za kupanga nyumba, umeme, vyote hivyo ni jimbo. Waziri mkuu wa nchi nzima kule Ottawa unaweza ukamsahau jina lakini wa jimbo huwezi kumsahau.

Mwaka 1990 Ontario walifanya kitu ambacho hakijawahi kutokea, wakawapa nchi NDP, chama cha mrengo wa kushoto, chama cha wafanyakazi, kiongozi wao Bob Rae. Viti 74 kati ya 130, kwa asilimia 37.6 tu ya kura. Masikini, wakaingia uchumi ndiyo unaporomoka. Viwanda vinafungwa, ukosefu wa kazi ukafika karibu asilimia 11, nakisi ya bajeti ikapita dola bilioni 10 kwa mwaka, na watu wanaoishi kwa welfea wakafika kama milioni 1.3 kwenye jimbo la watu kama milioni 11 hivi.

Rae afanye nini? 1993 akaja na kitu kinaitwa Social Contract, akafungua mikataba ya kazi iliyokwisha sainiwa, wafanyakazi wa umma kama laki tisa wakalazimishwa kuchukua siku za mapumziko bila malipo, mpaka 12 kwa mwaka. Zile siku watu wakazibatiza jina lake, Rae Days. Yaani serikali ya wafanyakazi inavunja mikataba ya wafanyakazi. Bima ya magari ya serikali aliyoahidi akaiacha tangu 1991. Manesi na walimu waliomchagua wakamkasirikia kuliko hata matajiri walivyomkasirikia.

Hilo ndilo la kwanza nataka mlishike. Wahafidhina hawakuja kutoka hewani. Mlango uliachwa wazi na wale waliotakiwa kuulinda.

Nachemsha chai narudi.

Mwanakwetu_TZ:
Shikamoo mama. Nimeweka kiti mbele kabisa, endelea.

Fundi Charahani:
Nafuatilia. Mama usisahau kutuambia huyo aliyeshinda alikuwa nani.

BintiPangani:

Marahaba wanangu. Anaitwa Mike Harris, mtu wa North Bay, kaskazini huko. Aliwahi kuwa mwalimu, aliwahi kufundisha watu kuteleza kwenye theluji, akaendesha kiwanja cha gofu, bunge la jimbo aliingia 1981, chama cha wahafidhina, Progressive Conservative, kikampa uongozi 1990. Hakuwa msemaji wa kukufanya usimame wima. Lakini alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho, kijitabu.

Kile kijitabu kilitoka Mei 1994, mwaka mzima kabla ya uchaguzi, wakakiita Mapinduzi ya Akili ya Kawaida. Kimeandikwa lugha ambayo muuza duka anaielewa akiwa amesimama kaunta. Kodi ya mapato ya jimbo itapunguzwa asilimia 30 ndani ya miaka mitatu. Matumizi ya serikali yatakatwa. Wabunge watapunguzwa. Anayepokea welfea na ana uwezo wa kufanya kazi atafanyishwa kazi. Sheria ya NDP iliyokataza kuajiri watu wa kuziba nafasi za waliogoma, itafutwa. Sheria ya usawa kwenye ajira, ile ya kuwalazimisha waajiri wawafikirie wanawake, watu weusi, walemavu na wenyeji wa asili, itafutwa, wao wakaiita sheria ya kupangiana mafungu. Bajeti itasawazishwa. Ajira 725,000 zitapatikana.

Kampeni ilipoanza chama cha Liberal cha Lyn McLeod ndicho kilikuwa kinaongoza kwenye kura za maoni, kwa mbali sana. Watu wakasema Harris anasindikiza. Ndani ya wiki chache mambo yakageuka. McLeod alikuwa anasema hili leo na kesho analirekebisha, Harris anarudia maneno yaleyale kila mji anaofika, kodi, welfea, mafungu, kodi, welfea, mafungu.

Usiku wa matokeo nimekaa sebuleni kwa jirani, ramani kwenye TV inageuka bluu kipande kwa kipande, na bluu nzito kuliko zote imeizunguka Toronto, Mississauga, Brampton, Oshawa, ule ukanda wa namba za simu zinazoanza na 905. Mwisho wa hesabu wahafidhina viti 82 kati ya 130, Liberal 30, NDP 17. Kura alizopata Harris ni asilimia 44.8. Kutoka 74 mpaka 17, hiyo NDP.

Jirani yangu akazima TV akasema, sisi ndio tuliokuwa tunazungumziwa. Ndivyo ilivyokuwa. Kampeni nzima nilikuwa nasikia watu wananijadili mimi, mwanamke mwenye mtoto anayekaa bure, na mimi niko hapohapo nakunja nguo.

KijanaWaSokoHuria:
Mama kwa heshima kabisa, mbona unaelezea kama msiba? Nakisi bilioni 10 kwa mwaka, watu milioni 1.3 wanalishwa na serikali, ulitaka waendelee hivyo mpaka lini? Nchi yoyote makini lazima ifike mahali iseme basi.

BintiPangani:

Mwanangu swali lako ni la haki na sitalikwepa, ila acha nikuonyeshe kwanza upande wa mtu aliyempa kura, kwa sababu namheshimu.

Kulikuwa na mzee mmoja ana duka la vyakula Mississauga, Ismaili wa Mwanza, alikuja miaka ya sabini ile. Kiswahili chake safi cha kanda ya ziwa, ukiingia anakusalimia mwangaluka hata kama wewe ni wa Pangani kama mimi. Huyu mzee alimpigia kura Harris na hakuficha. Siku moja akanitolea makaratasi yake juu ya kaunta, akayapanga, hii kodi ya jimbo, hii ya mfanyakazi, hii umeme umepanda, hii fomu mpya ya leba, akasema mama, mimi nafungua saa moja asubuhi nafunga saa nne usiku, mwezi uliopita nimebaki na kidogo kuliko yule kijana niliyemwajiri. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau, NDP wananipenda nikiwa nimeajiriwa, nikiwa nimeajiri mtu hawanijui.

Nikamuuliza na mimi je, welfea yangu? Akanyamaza. Akasema wewe ni tofauti. Baadaye niligundua kila aliyempa kura Harris alikuwa na mtu wake mmoja wa welfea ambaye yeye ni tofauti.

Sasa tuingie kwenye kilichofanyika.

Mambo mepesi yalianza mara tu walipoingia. Kamera za mwendokasi barabarani zikaondolewa Julai 1995, madereva wakashangilia. Mwezi huohuo ukatangazwa mkato wa kwanza wa matumizi, pamoja na ule wa welfea, asilimia 21.6, kuanzia tarehe 1 Oktoba. Wazee na walemavu hawakuguswa, hilo niseme ukweli. Mtu asiye na mke wala mtoto aliyekuwa anapata dola 663 kwa mwezi akashushwa mpaka 520. Mama mwenye mtoto mmoja, yaani mimi, kutoka 1,221 mpaka 957.

Nilikuwa na daftari la mahesabu, bado ninalo. Kodi ya chumba ilikuwa 690. Septemba baada ya kodi nabaki na 531, Oktoba nabaki na 267. Hiyo 267 ndiyo chakula, nepi za usiku, nauli ya basi, sabuni, simu. Simu niliikata wiki ya pili. Tatizo la kukata simu ni kwamba ndiyo hiyohiyo unayotakiwa kupigiwa ukiitwa kwenye kazi, nililijua nikiwa naikata na nikaikata.

Waziri wa huduma za jamii alikuwa David Tsubouchi. Bungeni wakamuuliza watu watakula nini, akashauri watu wapatane bei dukani, na makopo ya tuna yaliyobonyea huwa yanauzwa rahisi. Wizara ikatoa mpaka orodha ya manunuzi ya mtu mmoja kwa mwezi, kama dola 90 hivi, ndani yake kuna tambi lakini hakuna mchuzi wa tambi, kuna mkate lakini hakuna siagi. Orodha ile ilipita mkononi mwetu pale jengoni, kina mama tukaisoma kwa sauti ngazini. Mmoja alikuwa mpishi wa hoteli Mombasa kabla hajaja. Aliikunja akaniambia, aliyeandika hii hajawahi kumpikia mtoto.

Mtu wa Calgary:
Mama shikamoo. Nipo jimbo la Alberta, nataka niongezee kidogo hapo. Harris hakuwa wa kwanza, Ralph Klein huku kwetu alishinda Juni 1993 akafanya hivihivi, mishahara ya umma ikakatwa asilimia 5, idara zikakatwa, na hospitali kubwa ya mjini kati, Calgary General, wakailipua kwa baruti Oktoba 1998, watu wamesimama barabarani wanaangalia. Lakini Alberta wana mafuta. Bei ya mafuta ilipopanda deni likalipwa, 2004 Klein akatangaza jimbo halina deni. Ontario hawakuwa na kisima cha kuwafunika.

BintiPangani:

Marahaba mwanangu, ahsante, umesema jambo kubwa hapo mwisho nitalirudia.

Naendelea. Vuli ya 1995 ikapita Bill 7, yaani muswada namba 7. Hii sheria watu wengi wanaijua kwa sababu ilirudisha ruhusa ya kuajiri watu wakati wa mgomo, ila kulikuwa na kipengele kidogo ndani yake ambacho kilinipata mimi miaka miwili baadaye.

1996 nilipata kazi ya usafi, zamu ya usiku, ghorofa la maofisi mjini kati, silitaji jina. Tulikuwa na chama cha wafanyakazi, mshahara dola 11.20 kwa saa. Sheria ya NDP ilikuwa inasema mwenye jengo akibadilisha kampuni ya usafi, kampuni mpya inarithi wafanyakazi pamoja na mkataba wao. Bill 7 ikafuta hiyo. Kwahiyo 1997 mwenye jengo akaitisha zabuni upya, kampuni mpya ikashinda kwa bei ya chini, na bei ya chini ilitoka wapi? Ndoo zilezile, dawa ileile, ghorofa zilezile. Tukaitwa chumba cha chini saa tano usiku, tukaambiwa mkataba wenu umeisha na kampuni iliyoondoka, anayetaka kubaki asaini hapa, dola 8 kwa saa. Wenzangu wawili wakaondoka. Mimi nikasaini nikachukua moppa yangu, ghorofa ya tisa bado ilikuwa inasubiri.

Na mjue kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 6.85 kwa saa tangu Januari 1995, wakakiacha palepale miaka yote, hakikupanda mpaka 2004. Kwahiyo mtu akikupa 8 anakwambia nakulipa vizuri.

Mwanakwetu_TZ:
Dah. Mama na nyinyi mlikaa kimya tu? Hakukuwa na maandamano?

BintiPangani:

Hatukukaa kimya hata kidogo. Vyama vya wafanyakazi viliitisha Siku za Vitendo, wanafunga mji mmoja baada ya mwingine, wakaanza na London, ile London ya Ontario, Desemba 1995, kisha Hamilton. Wafanyakazi wa serikali ya jimbo wakagoma wiki tano mwanzoni mwa 1996, polisi wakawapiga virungu pale Queen's Park kwenye viwanja vya bunge. Toronto ikafungwa tarehe 25 Oktoba 1996, treni za chini hazikutembea, na kesho yake, Jumamosi, tukaandamana makumi kwa makumi ya maelfu. Mtoto nilimbeba mgongoni kwa kanga, watu wananipiga picha. 1997 walimu 126,000 wakatoka madarasani wiki mbili kupinga Bill 160, muswada wa mambo ya shule.

Harris hakurudi nyuma hata hatua moja. Alikuwa anajibu jibu moja tu, nilisema nitafanya hivi, nikachaguliwa, nafanya. Na hapo ndipo alipokuwa na nguvu wakuu. Watu walishazoea mwanasiasa anayeahidi hili na kufanya lile. Huyu anaahidi kukukata mkono na anakuja na panga kweli, na kuna watu wanamheshimu kwa sababu tu panga ni lilelile alilolionyesha.

Kuna kisa kimoja cha bungeni lazima niwape. Serikali iliamua kuunganisha miji sita, Toronto, North York, Scarborough, Etobicoke, York na East York, iwe mji mmoja, ikisema itaokoa pesa. Wakazi walipiga kura ya maoni Machi 1997, kama robo tatu wakakataa. Serikali ikasema inaendelea. NDP wakapeleka marekebisho zaidi ya elfu kumi ya muswada, karibu kila mtaa wa mji una marekebisho yake, na kila moja lazima lisomwe kwa sauti na lipigiwe kura. Siku kumi, usiku na mchana, makarani wanasoma majina ya mitaa. Wabunge wanalala kwenye makochi kwa zamu. Sasa katika usingizi ule wahafidhina wakajisahau kwenye mtaa mmoja, Cafon Court huko Etobicoke, marekebisho yakapita, baadaye ikabidi waje wayafute. Mtaa mdogo wa nyumba chache ndiyo ulioishinda serikali yenye viti 82, kwa siku chache. Muswada ukapita, tarehe 1 Januari 1998 mji ukawa mmoja.

KijanaWaSokoHuria:
Sawa mama nimekusoma vizuri na pole kwa yaliyokupata. Lakini jibu swali langu: bajeti ilisawazishwa au haikusawazishwa? Kazi zilipatikana au hazikupatikana?

BintiPangani:

Nakujibu mwanangu. Kazi zilipatikana, nyingi. Bajeti ilisawazishwa mwaka wa fedha wa 1999-2000. Welfea ikapungua kwa malaki ya watu, na mimi ni mmoja wao niliyetoka. Na kodi kweli ilipunguzwa asilimia 30, kama alivyosema. Na Juni 1999 akashinda tena, viti 59 kati ya 103, kura asilimia 45, zaidi ya mara ya kwanza. Sikufichi kitu.

Lakini nilikaa nikajiuliza kama mtu wa daftari. Miaka ileile Marekani uchumi ulikuwa unakimbia, na Ontario inauza magari na vipuri Marekani kila siku, malori yamepanga foleni mpakani, Windsor na Detroit. Mtu wa Calgary amesema Alberta walikuwa na mafuta, sisi mafuta yetu yalikuwa mteja wa jirani. Sehemu gani ya zile ajira ilikuja kwa kodi kushuka na sehemu gani kwa Mmarekani kununua gari, wachumi bado wanabishana.

Ninachokijua mimi ni upande wa gharama. Nyingi ya zile gharama hazikufutwa. Zilihamishwa. Ukihamisha gharama kutoka kwenye daftari lako ukaiweka kwenye la mwenzako, daftari lako linapendeza.

Nyumba. 1995 ileile walifuta miradi ya nyumba za gharama nafuu iliyokuwa imekwisha idhinishwa, nyumba kama 17,000. Kisha nyumba za umma zilizokuwepo wakazishusha kwa halmashauri za miji, na mabomba yake yanayovuja na mapaa yake. Jimbo likaokoa, mji ukabeba. Kisha kuanzia 1998 sheria mpya ya wapangaji, ukiwa ndani ya nyumba kodi yako inalindwa, ukihama tu mwenye nyumba anaweka bei anayotaka kwa anayefuata. Tangu hapo mtu anaogopa kuhama. Nimeona mke na mume walioachana wanaishi chumba kimoja kwa sababu anayetoka hatapata pengine kwa bei hiyo.

Reli. Treni ya chini ya barabara ya Eglinton ilishaanza kuchimbwa 1994. Serikali ikaisimamisha, na shimo wakalifukia. Nilikuwa napita na basi la Eglinton, naona malori yanamwaga udongo ndani ya shimo ambalo malori mengine yalikuwa yanautoa mwaka uliotangulia. Mtoto dirishani anauliza mama wanazika nini. Mradi mwingine wa reli barabara hiyohiyo ulianza kujengwa 2011, kwa mabilioni. Mtoto alikuwa kamaliza sekondari.

Barabara ya 407 iliyojengwa kwa pesa za umma, mwaka 1999 ikakodishwa kwa kampuni binafsi miaka 99 kwa dola bilioni 3.1, pesa zikaingia mwaka mmoja, na mwaka huo bajeti ikasawazika. Miaka 99! Vitukuu vya yule mzee wa duka watakuwa wanalipia kupita.

Na 2003, wahafidhina walipotoka, kiongozi akiwa Ernie Eves kwa sababu Harris alishajiuzulu 2002, Liberal wa Dalton McGuinty wakamwita aliyekuwa mkaguzi mkuu, Erik Peters, akafungua vitabu akakuta pengo la dola bilioni 5.6 ambalo wananchi walikuwa wameambiwa halipo.

Fundi Charahani:
Hapo kwenye kuhamisha gharama nimeelewa. Ila mama hebu tuambie ile ishu ya maji nimewahi kuisikia kidogo.

BintiPangani:

Walkerton. Hii naiandika polepole.

Walkerton ni mji mdogo wa watu kama elfu tano, wakulima, watu waliomchagua Harris. Zamani maji ya halmashauri yalikuwa yanapimwa na maabara za serikali. 1996 serikali ikaacha, halmashauri zikaambiwa zitafute maabara binafsi zenyewe. Wizara ya mazingira ikapunguzwa watu zaidi ya 750. Na hakuna sheria iliyowekwa kuilazimisha maabara binafsi ikikuta sumu kwenye maji imwambie afisa wa afya. Maabara ina mteja, majibu inampa mteja.

Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, samadi ya ng'ombe ikaingia kwenye kisima namba 5, bakteria wa E. coli wakaingia kwenye bomba. Wasimamizi wa maji wa pale walikuwa na uzembe wa miaka, wanaandika vipimo vya uongo, hilo lipo na walihukumiwa. Maabara ikakuta bakteria, ikatuma faksi kwa mteja, yaani kwa walewale wasimamizi, na wao wakanyamaza. Daktari wa afya anawauliza, wanamwambia maji ni salama. Watoto wanaharisha damu na mama zao wanawapa maji ya bomba kwa wingi, kwa sababu mtoto anayeharisha unampa maji, ndivyo tulivyofundishwa sote.

Watu saba wakafa. Zaidi ya 2,300 wakaugua, wengine figo zao hazikurudi kuwa zilivyokuwa.

Ikaundwa tume ya Jaji Dennis O'Connor. Juni 2001 Harris mwenyewe alikaa kwenye kiti cha shahidi. Ripoti ya Januari 2002 haikumwekea mtu mmoja lawama zote, ilisema wasimamizi walikosa, na ikasema pia kwamba kule kukata bajeti ya wizara na kutoweka ile sheria ya kutoa taarifa kulichangia. Ilionyesha kwamba kama taarifa ingepelekwa mapema kuna watu wengi wasingeugua.

Kijana wangu wa soko huria, mimi sina ugomvi na maabara binafsi. Anaweza mtu binafsi akapima maji vizuri sana. Ninachokuuliza wewe ni nani aliyetakiwa kuiandika ile sheria ya mstari mmoja, na kwa nini kwenye kijitabu kizima kilichohesabu kila senti hakuna aliyeikumbuka? Waliitoa serikali kwenye maji wakasahau kwamba faksi lazima ifike kwa mtu.

KijanaWaSokoHuria:
Mama hapo sina la kubisha. Bado naamini nakisi ilibidi ikatwe, ila kukata kodi asilimia 30 wakati huohuo unadaiwa, hilo sasa nalifikiria upya.

Mtu wa Calgary:
Hilo ndilo watu wa huku pia wanabishana mpaka leo. Na 2018 Ontario si wamemrudisha mhafidhina mwingine, Doug Ford, viti 76 kati ya 124.

BintiPangani:

Ndiyo, kwa asilimia 40 na ushee ya kura. Na ukitembea Dixon Road leo utakuta vijana wetu, watoto wa wale kina mama wa ngazini, waliompigia Ford, mmoja ni mtoto wangu wa kumzaa. Tunakaa mezani tunabishana. Ananiambia mama, sisi tuna magari ya kazi, tuna kampuni zetu ndogo, hao wengine wanatupenda tukiwa masikini tu. Namsikiliza namsikia yule mzee wa Mwanza kabisa, neno kwa neno.

Mwanakwetu_TZ:
Mama huyo mzee wa duka ilikuaje mwisho wake? Alibadilika?

BintiPangani:

Yule mzee ndiye aliyenikopesha chakula Oktoba ile hadi Machi. Mchele, dengu, maziwa, anaandika kwenye daftari langu mwenyewe, siyo lake, anasema mwenye deni ndiye atunze kumbukumbu. Nimelitoa hapa naliangalia. Tarehe 28 Oktoba 1995, mchele kilo tano, dengu, mafuta, jumla dola 22. Hakuna riba. Ukurasa wa mwisho Machi 1996, mshahara wangu wa kwanza wa usafi, nimelipa 141 yote, na yeye kaandika kwa mkono wake, kalamu nyekundu, IMELIPWA, akatia sahihi.

Siku hiyo nilimuuliza kama anajuta kura yake. Akanifungia mfuko wa mchele akasema hapana, hajuti. 1999 akampigia tena. Nilikwenda dukani kwake kila Jumamosi mpaka alipofunga duka.